Ng'ombe Tuliowaweka kwa Gidamuna

Jumatatu, 5 Mei

Nimekamua, nimekunywa chai, nimepanda na kompyuta hadi nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao unaposhika. Upendo ameandika tena. Alikuwa mwanafunzi wangu, sasa ni mhadhiri. Anataka sura moja ya kitabu: jinsi mtu wa kijijini kwetu Gehandu alivyoishia kufanya utafiti wa kompyuta zenye maelfu ya prosesa. Amesisitiza niandike kwa lugha ya watu.

Nikaanza. Kazi ambayo kompyuta moja ingeihangaikia miaka unaikata vipande. Kila prosesa, ile akili ndogo inayokokotoa, inapewa kipande chake. Zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na kila moja inazungumza na jirani zake tu. Hapo hapana ugumu. Kilicho kigumu ni kifo. Zikiwa maelfu, lazima moja ife kazi ikiendelea, na ikifa na kipande chake, kazi ya wote imeharibika. Nimetumia maisha yangu kwenye swali hilo.

Nilikuwa hapo yowe lilipopigwa bondeni.

Hhawu, kijana wa jirani yangu, amechomwa mkuki katikati ya maharage ya baba yake. Alikuta ng'ombe shambani. Akampiga fimbo mchunga ng'ombe, naye akamrudishia kwa mkuki, kisha akakimbia. Uliingia chini ya kwapa ukatokea karibu na shingo. Tulimbeba juu ya mlango tulioung'oa kwenye ghala. Alirusha miguu njia nzima. Kabla ya barabara akaacha.

Nimeosha viatu. Maji bado yanatoka mekundu.

Jumatano, 7 Mei

Tumemzika Hhawu. Mchungaji alihubiri kusamehe. Kaka yake, Tluway, hakutupa udongo. Alisimama na panga mkononi kaburini, na hakuna aliyemwambia aliweke chini.

Mchana vijana waliwakuta Wabarabaig wawili, wafugaji wa tambarare kama yule mwenye mkuki, njiani wakitoka mnadani. Hawakuwa na lolote na kifo kile. Waliwapiga mawe. Mmoja ametolewa jicho. Nilipita pale baadaye, nikaona kibuyu cha maziwa kimepasuka na nzi wamelowa maziwa kama mtu amewamwagia uji.

Bura, mtoto wa mdogo wangu Akonaay, alirudi jioni na damu kwenye mkono wa shati. Alinikuta getini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Nikaitikia marahaba. Adabu ile ile, sauti ile ile.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeandika kidogo. Naogopa nikiacha sitarudi.

Nilipokuwa nasoma ng'ambo, dawa ya kifo cha prosesa ilikuwa kusimamisha kazi yote kila baada ya muda na kuweka nakala ya kila kitu kwenye ghala moja kubwa. Mashine zilikuwa zinatumia muda mwingi kutunza kuliko kufanya kazi. Wenzangu walitafuta ghala lenye kasi zaidi. Mimi nikasema tuache ghala. Kila prosesa itunze nakala ya jirani yake ndani mwake. Moja ikifa, jirani anayo. Walinicheka, kisha wakaipima, kisha wakaacha kunicheka.

Waliniuliza niliitoa wapi. Niliwajibu kwa hesabu. Ukweli niliitoa kwa baba.

Baba hakufuga ng'ombe wake wote nyumbani. Alikuwa na wachache zizini, wa kuonekana. Wengine aliwaweka kwa rafiki yake kule Mogitu, wengine upande wa Dongobesh, wengine tambarare kwa Wabarabaig. Ugonjwa ukiingia boma moja, au wezi, hamalizwi. Anayewekewa anakunywa maziwa na kuwatunza kama wake. Na jambo hilo linafichwa. Anajua mwenye ng'ombe, anajua anayetunza, basi. Ukijulikana una ng'ombe, ndugu wanaomba, watoto wanadai urithi, kanisa linakupangia mchango. Tena ni mwiko kumtaja mwenzako. Ng'ombe aliyewekwa anatajwa na mwenyewe tu.

Wazee wengi wa Gehandu wanafanya hivyo mpaka leo. Ibada Jumapili, na ng'ombe kwa Gidamuna.

Gidamuna ni Mbarabaig, boma lake ni la kwanza ukishuka tambarare. Baba yake alitunza wa baba yangu. Yeye anatunza wangu, na wa Akonaay, na wa watu nisioweza hata kuwaandika hapa.

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano shuleni. Tluway alisema mchunga ng'ombe aliyemuua mdogo wake alipita bomani kwa Gidamuna, akapewa maziwa, akaelekezwa njia. Labda kweli. Mgeni akija na kiu anapewa maziwa, haulizwi ametoka wapi. Vijana wakasema boma lile lichomwe, ng'ombe wote wakatwe.

Wazee wakanyamaza.

Nieleze nilichokiona, maana nimekiona mara nyingi kwenye mashine. Kuna ajali tunaiita mkwamo. Prosesa ya kwanza inasubiri ya pili iseme. Ya pili inasubiri ya kwanza. Hakuna iliyoharibika. Kila moja inafuata kanuni yake vizuri kabisa. Mashine nzima inasimama pale inapata joto tu. Wazee walikuwa hivyo. Kila mmoja ana ng'ombe kule, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme, ili yeye asihitaji kusema.

Nikasimama. Nikasema nina ng'ombe kwa Gidamuna, ukikata kule unakata wangu. Nikasema huenda si mimi peke yangu. Zaidi ya hapo mwiko ulinifunga.

"Basi baba mkubwa akawafunge kengele tuwatambue," Bura alisema. Watu wakacheka.

Tluway hakucheka. "Mdogo wangu yuko udongoni," alisema, "na wewe unalilia maziwa."

Nilimtazama Akonaay. Alikuwa anaangalia kofia yake. Ng'ombe wake kule amewalimbikiza kwa ajili ya mahari ya Bura, na Bura hajui. Kila siku Bura analalamika mbele za watu kwamba ana baba asiye na hata ndama.

Njiani nilimsihi mdogo wangu aseme kesho baada ya ibada. Nilimsihi sana.

"Kaka, nikisema kesho, keshokutwa sina kitu. Kila mwenye shida atakuwa mlangoni kwangu." Akatembea kidogo, akaongeza kwamba vijana wanapiga kelele tu, hawataenda.

Nina hasira naye kiasi kwamba nilishindwa kumpa mkono.

Jumapili, 11 Mei

Ibada. Akonaay aliimba kwaya. Hakusema. Hakuna aliyesema. Nje ya kanisa vijana walikuwa wananoa mapanga kwenye ngazi za mawe, na wazee wakipita wanasalimiwa shikamoo.

Kesho nitashuka kwa Gidamuna.

Jumatano, 14 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mfupa wa bega la kulia umevunjika. Nitaandika pole pole.

Jumatatu niliteremka mapema. Ng'ombe walikuwa hawajatolewa. Gidamuna aliponiona alicheka. Akauliza kama nimeleta kompyuta yangu iwahesabu. Akasema itakosea tu, ndama hawatulii.

Nikamweleza. Nikamwambia awahamishe wote leo leo, avuke nao bonde. Mke wake mkubwa, Udamuhale, alisikia akaanza kukusanya watoto. Yeye hakuinuka.

"Wangekuwa wangu ningeshavuka," alisema. "Hawa ni wenu. Wako wanaozaa leo. Nikiwakimbiza mmoja akavunjika, nitamwambia mwenyewe nini? Aliniambia nimtunzie. Hakuniambia nikimbie naye."

Nikabishana naye. Nilikuwa bado nabishana tuliposikia pikipiki.

Walikuwa wengi. Mapanga, mashoka, mikuki. Baadhi yao niliwafundisha hesabu kule shuleni wakati wa likizo, bila kulipwa. Gidamuna alisimama mlangoni pa boma na fimbo yake ya kawaida. Nikasimama pembeni yake nikainua mikono. Nikawaita kwa majina, mmoja mmoja. Niliamini mtu akiitwa jina atasimama.

Tluway alimchoma Gidamuna mkuki wa tumbo. Hakukimbia wala kupiga kelele. Alisogea kama anayetaka kusalimia, akausukuma, akauzungusha, akauchomoa. Gidamuna aliketi. Alijishika tumbo kwa mikono miwili akalitazama. Mimi nilipigwa na mpini wa shoka, nikasikia mfupa ukilia ndani ya kichwa changu.

Nikiwa chini niliona mengine yote.

Hawakuiba ng'ombe. Waliwakata mishipa ya miguu ya nyuma. Ng'ombe aliyekatwa hapo hafi. Anakaa kitako kama mbwa, anajivuta kwa miguu ya mbele, anashangaa. Zizi zima lilikuwa la ng'ombe waliokaa kitako. Mmoja alikuwa anazaa, miguu ya ndama imeshatoka. Walimkata hivyo hivyo. Nyumba ziliwashwa moto. Mtoto wa Gidamuna alimpiga kijana mmoja mshale wa paja, nao wakamgeuzia mashoka. Amenusurika, mkono mmoja haupo.

Bura alikuwa amesimama juu ya jike la kahawia lenye tumbo jeupe. Namfahamu. Ni wa Akonaay, mama wa wale wa mahari. Alimkata mguu mmoja, panga likakwama kwenye mfupa, akaukanyaga mguu ili alitoe.

Nikavunja mwiko. Nikapaza sauti. "Bura! Huyo ni wa baba yako!"

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa umerushiwa damu hadi kwenye meno.

"Baba hana ng'ombe," alisema. Akakata mguu wa pili.

Ijumaa, 16 Mei

Polisi wamemchukua Tluway na wengine. Nimetoa maelezo. Tluway nimemtaja kwa mkuki. Bura nimemtaja kwa ng'ombe, kwa sababu niliapa kusema nilichokiona. Bura amekimbilia Mogitu kwa wajomba zake. Mkewe Akonaay alinitemea mate barabarani. Akonaay alipita nyuma yake, hakunisalimia wala hakumkanya.

Upendo amepiga simu. Shikamoo mwalimu, pole mwalimu. Akasema sura iache. Nikamwambia hapana, chukua kalamu, maana kuna jambo sikuwahi kuliandika vizuri katika makala zangu zote.

Mfumo wangu una tundu. Niliujenga kwa ajili ya kifo kinachotoka nje: umeme, joto, chuma kuchoka. Kwa hicho hauna mpinzani. Lakini ndani yake kila prosesa inajua kipande chake na cha jirani, basi. Hakuna inayoona kitu kizima. Ukiipa mojawapo amri ya kufuta, itafuta, na haina njia ya kujua kwamba inachofuta ndiyo nakala yake yenyewe. Nilipokuwa kijana profesa mmoja aliniuliza juu ya hilo. Nikamjibu kwamba hakuna mfumo wenye akili utakaojifuta wenyewe. Ukumbi ulicheka, nami nikafurahi.

Upendo akauliza kama naandika kuhusu kompyuta. Nikamwambia andika tu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeenda hospitali kumwona Gidamuna. Mpira mmoja unaingia, mwingine unatoka, na utumbo wake umeoza mahali. Harufu haifichiki. Daktari kijana aliniambia kwa upole nisitegemee mengi.

Nilitaka nimwombe radhi kwa niaba ya Gehandu. Hakunipa nafasi.

"Ngozi zimefika?" aliuliza.

Sikuelewa. Akafumba macho. Akasema amemwagiza Udamuhale, na kwamba zikifika nije nimwambie nani amepokea. Akarudia: nani amepokea na nani amekataa.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa, nikaogopa.

Jumapili, 18 Mei

Ng'ombe uliyemtunzia mtu akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Ndiyo ushahidi kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Mwenyewe anaitazama rangi, anamtambua ng'ombe wake, anasema nimepokea. Hapo mmemalizana na hakuna kesi. Kwa kawaida inaletwa kimya kimya, imekunjwa ndani ya gunia.

Leo zimeletwa mchana, watu wakitoka kanisani.

Udamuhale alikuwa mbele, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili zote. Nyuma yake wake wenzake na binti zake, na punda, na juu ya punda ngozi zimetandazwa wazi, manyoya juu, kila rangi inaonekana. Hawakuimba, hawakulia. Barabara ilikuwa imejaa watu wa nguo za Jumapili. Walipisha.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kanisa. Yeye alikuwa bado ameshika Biblia.

"Mzee, ng'ombe wako amekufa," Udamuhale alisema. "Ngozi hii hapa." Akaiweka mlangoni.

Watoto wa yule mzee walikuwa pale, na mmoja wao alikuwa bomani Jumatatu, nilimwona na shoka. Aliitazama ngozi. Akamtazama baba yake. Mzee alijaribu kusema si wake. Akaifungua Biblia, akaifunga tena.

Wakaenda nyumba ya pili. Na ya tatu. Hawakuuliza njia popote. Nyumba kwa nyumba, Gehandu yote, hadi kwa baba yake Tluway. Pale waliacha ngozi nyingi kuliko kwingine. Hakuna aliyejua kama mzee yule ana kitu. Mkewe aliziona akaanguka chini, akawa anauma kanga yake na kupiga kichwa kwenye ukuta mpaka wakamshika. Mtoto mmoja kaburini, mmoja gerezani, na mkono wa huyo wa gerezani ndio uliowamaliza ng'ombe wao.

Wengine walisema nimepokea. Wengine walikataa. Mmoja aliipiga ngozi teke, lakini alirudi kuitazama baadaye. Kijana mmoja alimpiga baba yake ngumi mbele yetu wote, akimuuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini hukusema. Tuliwaachanisha kwa shida, mzee akitoka damu puani. Hakujitetea.

Kwangu walileta mbili. Nikasema nimepokea.

Kwa Akonaay walileta ile ya kahawia yenye tumbo jeupe, na za watoto wake. Akonaay alisimama amekunja mikono.

"Sizijui," alisema.

Udamuhale hakubishana. Alizitundika kwenye uzio wake akaondoka. Binti mmoja aligeuka akaniambia wako mbwa watakaonenepa leo. Alisema akicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko matusi.

Jumanne, 20 Mei

Nimefika hospitali asubuhi. Nilimpa Gidamuna taarifa kama alivyotaka, majina ya waliopokea kwanza. Kila jina alitikisa kidole kwenye shuka. Nilipofika kwa waliokataa nilitaja wote, na wa mwisho nikamtaja mdogo wangu.

"Akonaay atapokea," alisema. "Anachelewa tu. Hata mtoto alichelewa kumpata."

Ulikuwa utani. Nilicheka, na bega likaniuma.

Alikufa saa sita, Udamuhale akiwa ameshika mguu wake. Aliomba maji, hawakuruhusiwa kumpa. Alikufa na kiu. Nimekasirishwa na hilo kuliko mkuki, sijui kwa nini.

Ijumaa, 23 Mei

Kumekucha bila mvua. Jua zuri la kukaushia.

Bura amerudi kutoka Mogitu. Nilimwona kutoka kwangu. Alisimama nje ya uzio wa baba yake, mbele ya ile ngozi ya kahawia. Mbwa walishaanza kuitafuna pembeni. Aliinua mguu wa nyuma wa ile ngozi, mahali panga lilipopita, akapitisha kidole. Kisha akachuchumaa, akabaki hivyo.

Akonaay alitoka. Nilidhani watapigana. Nilishika fimbo kwa mkono wangu mzima, nikateremka.

Nilipofika walikuwa wameshaitandaza chini. Akonaay alikuwa anachonga vigingi, Bura anapigilia. Hawakuwa wanasema. Kila kigingi kilipoingia Akonaay aliivuta ngozi upande wa pili, kwa nguvu, mpaka ikawa kama ngoma. Jirani mmoja alipita njiani akasimama. Akonaay aliinua kichwa akamwambia wazi kwamba huyu alikuwa wake, na wale watoto wake wa kwenye uzio nao ni wake. Jirani aliitikia akaenda zake.

Bura aliniona. Akasimama, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

Aliangalia bandeji yangu, kisha akamwangalia baba yake. Akonaay aliingia ndani akatoka amevaa koti, na la pili mkononi. Akampa mtoto lile la pili. Akaniambia wanakwenda polisi Bura akajisalimishe, na kwamba yeye mwenyewe akitoka huko atashuka bomani kwa Udamuhale kukaa msibani. Akaniomba nisiziache ngozi bila mlinzi.

Waliteremka barabara wakiwa bega kwa bega. Kwenye kona Bura alisimama kufunga kamba ya kiatu, na baba yake akamngoja.

Nimeleta kigoda. Nimekaa hapa tangu asubuhi, nafukuza mbwa.